Midomo ya Elfu Ishirini

Julai ikifika Mbeya, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya bahari, upepo mkavu haubagui: unapasua midomo ya mwalimu na ya mpiga debe sawasawa. Nikasikia sifa za kikopo kipya cha mafuta ya mdomo: eti siku tatu tu, midomo laini kama parachichi la Rungwe. Bei, shilingi 20,000. Nikalipa, mwenye maumivu habishani bei.

Siku ya kwanza, mnanaa ukanipoza. Ya pili, nikawa najilamba kuufuata utamu. Ya tatu, basi la Iringa lilipopita Makambako, nikacheka kidogo, mdomo ukachanika. Kulamba hukausha, hilo kikopo hakikulisema.

Nilipofika Iringa, shangazi yangu wa Kihesa alinitazama, akatoa mafuta ya mgando, yale yale ambayo Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872. Kazi yake ni kuzuia maji ya ngozi yasitoroke, basi.

"Paka usiku, baba, na uache kujilamba."

Baada ya siku chache nikapona. Kikopo nacho tusikionee: kulainisha kililainisha, ila pochi.