Jinsi ya Kukwepa Faini ya Shilingi 500 kwa Shilingi 2,000

Umetoka Kisumu, Chavakali umeiacha nyuma, na sasa harufu ya Kakamega inakujia dirishani. Matuta ya Khayega yameisha. Kanyaga mafuta. Gari linalokuja mbele likikuwashia taa mara mbili, amini kwamba dereva wake anakufahamu, na umpungie mkono.

Mbele kidogo, kivulini, afande amesimama na kifaa chake. Kimesoma 58 mahali pa 50.

Hapa wengi huharibu kwa kujua bei. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 ziko wazi: ukizidisha kilomita 1 hadi 5 unaonywa, 6 hadi 10, shilingi 500, 11 hadi 15, shilingi 3,000, 16 hadi 20, shilingi 10,000. Kosa lako basi ni la shilingi 500, pesa ambazo sokoni hazikupi hata jogoo. Sahau hayo yote, yatakukatizia maongezi.

Shuka garini kabla hujaambiwa. Sema, "Mulembe, afande," kisha utafute undugu. Muulize kwao ni Butsotso, Isukha au Idakho. Popote atakapotaja, ndipo alipooa mjomba wako. Akisema yeye ni wa Kitui, mjomba alifanya kazi Kitui. Undugu ukigoma, mpigie simu mtu unayemwita "mkubwa", huku ukiomba asipokee, maana akipokea atauliza, "Nani mwenzangu?"

Sasa kunja noti 2 za elfu moja ndani ya leseni. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea: jela hadi miaka 10, au faini hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Umekimbia deni la 500, ukalipa 2,000 bila risiti, na juu yake ukajitafutia kesi ya milioni 5. Ukifika nyumbani utasimulia jinsi ulivyo mjanja, na watu wazima watakupigia makofi. Yule mkaidi anayesema tu, "Sawa afande, niandikie," hana hadithi ya kusimulia.

Lakini kama ulipita Chuo cha Masinde Muliro na 90, wanafunzi wakivuka, karibu mahakamani. Usiulize kuhusu bondi ya polisi, maana utaambiwa ni bure. Ukiweka dhamana ya pesa taslimu, risiti waachie wenye shida ndogondogo. Siku ya kesi vaa suti, ufike umechelewa, ukae benchi moja na makanga waliozidisha abiria. Hao ni wenyeji wa pale. Wakosaji wa kweli watakushauri useme maneno mawili, "Ni kweli," uombe kupunguziwa, ukae chini. Wapuuze. Toa hotuba kuhusu mteremko, karo za watoto na serikali. Sheria inamruhusu hakimu kukutoza hadi shilingi 100,000, na kadiri unavyosema ndivyo anavyopata nafasi ya kuikumbuka namba hiyo.

(Kama kweli hukuwa na kasi hiyo, kana mashtaka. Ni haki yako, na ni kazi ya upande wa mashtaka kuthibitisha kifaa kilisoma nini, na kilisoma gari la nani. Kejeli naisimamisha hapo.)

Bima ndiyo rahisi kuvuruga. Nunua ile ndogo, ya thad pati, kisha ushangae ikikataa kutengeneza gari lako lililoparamia mtaro wa Malava. Kazi yake ni kumfidia uliyemgonga, wala si kukutengenezea bampa. Ukichukua kubwa, ada hukokotolewa kwa thamani ya gari, kwa hiyo taja thamani nusu. Siku ya ajali utalipwa kwa nusu hiyohiyo, na utapata la kulalamikia hadi Krismasi. Stika bandia nazo zipo, ila siku hizi cheti ni cha kidijitali na afande anaweza kukihakiki kwa simu yake.

Kwa wasio na kipaji cha haya yote: kilomita 10 kwa kasi ya 50 ni dakika 12, na kwa kasi ya 80 ni dakika saba na nusu. Hizo nne na nusu ulizookoa utazimaliza ukitafuta pa kuegesha mjini.