Vita vya Brashi

Wanaolalamika kwamba vita ni gharama hawajamwona Jahangir akipigana. Mfalme huyu wa dola ya Mughal, kule India, alisumbuliwa miaka nenda miaka rudi na Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akaja kuwa jemadari kule Deccan. Majeshi yalikwenda, yakarudi yakihema. Muungwana afanyeje? Akamwita mchoraji, Abu'l Hasan.

Kufikia 1616 hivi, kazi imekwisha. Jahangir kasimama juu ya tufe la dunia, dunia imepanda fahali, fahali kapanda samaki, na kichwa cha Ambar kimetundikwa mkukini, mshale umempenya kinywani. Hakuna farasi aliyechoka, hakuna mjane. Kuna bundi tu, katulia utosini kwa marehemu. Marehemu mwenyewe, ambaye nadhani hakupelekewa taarifa ya msiba wake, aliendelea kuwahangaisha Wamughal hadi 1626, alipofariki kichwa kikiwa shingoni.

Na diplomasia je? Rahisi zaidi. Jahangir hakuwahi kukutana na Shah Abbas wa Uajemi, kwa hiyo walikumbatiana vizuri sana, katika picha nyingine. Mwenyeji mnene, kang'ara kwa jua na mwezi kisogoni, chini yake simba. Mgeni kakonda, kajikunyata, kapewa mwana-kondoo. Mwaka 1622 Abbas akaitwaa Kandahar kutoka mikononi mwa Jahangir, ngome, milango na yote yaliyokuwemo. Lakini ukiitazama picha leo, mwana-kondoo yuko palepale, hajasogea hata kwato moja.