Meli ya Kutoka Isiolo

Jirani yangu hapa Isiolo ametangaza kwamba Desemba anaipeleka familia visiwani kwa meli ya kitalii. Siku tatu tu, asema, kana kwamba bandari iko nyuma ya soko la ngamia. Simlaumu. Tangu LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari na uchukuzi, uzinduliwe Lamu Machi 2012, nasi tunangoja reli, bomba la mafuta na jiji letu la mapumziko. Uwanja wa ndege tumepata, haya, tushukuru. Yeye atakesha ndani ya basi, ashuke Mokowe, apande boti. Watoto hawajamaliza mahamri, Lamu hiyo! Mama watoto ameshanunua maboya. Eti wakajifunzie kuogelea Ewaso Nyiro, mto ambao kiangazi mbuzi huuvuka bila kulowa magoti.