Oveni Imefika Garbatulla

Garbatulla, jua likisimama utosini, bati la paa linakausha nyama bila kudai tokeni. Hata hivyo ndugu yetu kanunua oveni ya umeme, na mgeni akibisha hodi huonyeshwa oveni kwanza, chai baadaye.

Keki ikagoma kuiva. Fundi kaja na bisibisi, kaitikisa oveni, kaipiga kofi, kisha katoa hukumu: koili imekufa. Maskini koili, haikuwa hata mgonjwa! Oveni imeandikwa volti 240. Jioni, kila nyumba ikiwasha vyake, volti zikishuka hadi 180, yaani robo tu imepotea, joto hupungua karibu nusu. Mita ya kupimia umeme ingesema hayo kwa dakika moja, ila mita haina koili ya kuuza.

Kisha mlango wa oveni ukabamizwa, kioo kikamwagika chembechembe kama chumvi ya mawe. Kioo kile huimarishwa kwa moto kiwandani. Kikishatoka huko hakikatwi wala hakitobolewi, na mkwaruzo wa sufuria ukiachwa huweza kukimaliza siku nyingine kabisa. Fundi, bingwa wa yote, akakata kioo cha dirisha na kukigandisha kwa silikoni. Kiliishi mpaka moto wa kwanza.

Sasa mlango una kipande cha bati, na ndani ya oveni mnakaa sukari na majani ya chai. Sisimizi hawafiki.

Nawe ukienda kununua ya kwako, ulizia kioo cha akiba kabla hujauliza rangi.