Mwongozo kwa Tajiri wa Runzewe Anayetaka Kadi ya Zawadi

Hongera, tajiri. Duara limetema dhahabu. Mawe yamepita karasha, mzigo umeuzwa, mrabaha wa Serikali umekatwa, na kiasi kilichobaki wanakijua majirani wote, tena kwa uhakika kuliko wewe mwenyewe. Shemeji anakushauri uende Dubai ukalete simu, au China ukalete karasha mpya kwa bei ya kiwandani. Mpwa wako, yule aliyesoma Dar, ameongeza la kwake: siku hizi mtu hasafiri na maburungutu kiunoni, anachukua kadi ya mkopo inayotoa zawadi kila ikitumika. Unatumia, halafu unalipwa kwa kutumia. Habari nzuri namna hii haikustahili kuchelewa kufika Runzewe, na mwongozo huu umeandikwa ili uipokee kwa heshima inayostahili.

Anza kwa kuamua ng'ambo ni wapi. Kwa mtu wa Posta au Masaki, ng'ambo ni baada ya bahari. Kwako wewe ng'ambo iko karibu kuliko Dar es Salaam: barabara inayotoka Kahama, ikapita Masumbwe na Ushirombo, haikomei hapa, inaendelea Nyakanazi mpaka Rusumo, na malori yanayopita usiku kucha yanakwenda Kigali, Bujumbura na Congo. Kama safari yako ni ya upande huo, kadi ya kukusanya maili za ndege itakaa vizuri kwenye pochi, na ikae humo humo. Goma, kule Congo, wanataka dola mkononi, tena dola safi. Noti iliyochanika ukingoni hata kidogo inarudishwa kwa mwenyewe bila kugombana. Mtu aliyefika mpakani na noti 20 ambazo hazina hata mkunjo angestahili pointi kutoka kwa mtu yeyote, lakini hakuna benki iliyowahi kulifikiria hilo.

Tuchukulie basi kwamba unakwenda mbali. Nenda benki, na ubebe subira.

Afisa mikopo atakuomba hati ya mshahara. Wewe huna mshahara. Una maduara mawili, karasha, nyumba ya kupangisha na ng'ombe kule kijijini. Mwalimu wa shule ya msingi anayekukopa nauli kila tarehe 20 anayo hati hiyo, kwa hiyo kwenye mizani ya benki yeye anakopesheka kukushinda. Usikasirike, maana kuna mlango wa watu kama wewe. Unaweka fedha zako benki, zinafungiwa kama dhamana, kisha benki inakukopesha sehemu ya kiasi hicho kupitia kadi. Unakopa fedha zako, unazilipia riba ukichelewa kuzirudisha, na kila mwaka unalipa ada kwa heshima ya kuitwa mwenye kadi. Zaidi ya hayo, jina lako linaingia kwenye kumbukumbu za kampuni za taarifa za mikopo, zile ambazo Benki Kuu ilianza kuzipa leseni mwaka 2013. Ulikuwa unadaiwa na watu wawili watatu wa mtaani. Sasa utakuwa unadaiwa kitaifa.

Wamarekani hawakuteseka hivi. Septemba 1958 Bank of America iliwatumia watu wa mji wa Fresno, California, kadi 60,000 kwa posta, bila mtu yeyote kuomba. Walizitumia kwa furaha kubwa. Wadaiwa sugu na matapeli wakaitia benki hasara ya kutisha kabla mambo hayajakaa sawa, na kadi ile ile ndiyo ilikuja kuitwa Visa mwaka 1976. Kwa hiyo ukimkuta afisa mikopo ana uso mgumu, mhurumie. Bado analipia deni la Fresno.

Ukishindwa kabisa, ipo kadi ya kawaida ya akaunti, ambayo Watanzania wengi wenye kadi ndiyo waliyo nayo. Inakula fedha yako bila kujifanya inakukopesha, na mashine za Dubai zinaipokea vizuri tu kama ina nembo ya Visa au Mastercard. Tahadhari yake ni hotelini. Ukifika mapokezi wanashikilia kiasi fulani cha dhamana, na kwenye kadi ya akaunti kiasi hicho ni fedha yako halisi, inayoweza kukaa imeshikiliwa siku kadhaa baada ya wewe kurudi nyumbani. Mitandao ya simu nayo hutoa kadi za mtandaoni, namba tupu zisizo na plastiki. Hizo zinafaa kulipia vitu kwenye intaneti. Mbele ya mhudumu wa hoteli anayetaka kuishika kadi kwa mkono, utakuwa unamwonyesha simu tu na kutabasamu.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe, zawadi. Zipo za pointi, zipo za kurudishiwa asilimia fulani ya ulichotumia, zipo za maili za ndege, na ipo ile ya kukaa kwenye ukumbi maalumu wa uwanja wa ndege, unakunywa soda ya bure huku wenzako wamekalia mabegi. Mpwa wako hakukudanganya: huko Marekani watu wamesafiri dunia nzima kwa pointi. Alichosahau kukwambia ni nani anayelipa. Kila kadi ikichanjwa, mwenye duka anakatwa asilimia fulani, na sehemu ya makato hayo inakwenda kwa benki iliyotoa kadi. Humo ndimo zawadi zinamotoka, pamoja na kwenye riba za wale wasiolipa madeni yao kwa wakati. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka ukomo: sehemu hiyo isizidi asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo na asilimia 0.2 kwa kadi za akaunti. Zawadi nyingi za Ulaya zikasinyaa. Ukarimu wa benki ulikuwa unatoka kwenye droo ya mwenye duka, na droo ilipofungwa ukarimu nao ukaisha.

Kwetu zawadi zimekuwa na sura nyingine, ya droo ya bahati. NMB imekuwa na MastaBata, CRDB ikaja na TemboCard ni Shwari: unalipa kwa kadi, jina lako linaingia kwenye kura, wachache wanashinda. Sina ugomvi na mpango huo, na hasa kwa watu wa Runzewe. Mtu aliyeshusha matimba kwenye shimo miezi minane akisubiri mwamba ukubali hahitaji kufundishwa kungoja droo.

Lakini tuseme umepata ile kadi ya kweli, inayorudisha asilimia 1. Umefika Deira, Dubai, umenunua vitu ambavyo kwa kiwango cha soko siku hiyo ni shilingi milioni 10. Zawadi yako ni laki moja, na ujumbe wa pongezi. Kimya kimya, benki imebadilisha shilingi kwa kiwango chake, tuseme kibaya kuliko cha soko kwa asilimia 3, kisha ikaongeza asilimia 1 kwa sababu muamala umefanyika nje ya nchi. Hizo ni laki nne. Umelipa laki nne ili upongezwe kwa laki moja, na siku hiyo umelala ukiwa umefurahi.

Biashara hii unaijua, tajiri, tena uko upande wake mzuri. Mchimbaji mdogo analeta mawe kwenye karasha lako, anasaga, anakamatisha dhahabu kwa zebaki, anaondoka na kipande chake akiimba. Wewe unabaki na marudio. Yakishakuwa mengi yanakwenda kwenye plenti, yanalowekwa kwa sayanaidi, na yanatoa dhahabu ambayo zebaki iliiacha, ambayo mara nyingi ndiyo nyingi kuliko ile aliyoimbia mwenzako. Pointi za kadi ni kile kipande cha mkononi. Kiwango cha kubadilisha fedha ni marudio. Inashangaza kwamba mtu anayesimamia mzani wa dhahabu kwa macho mawili na shahidi, asikubali kupunjwa hata pointi moja ya uzito, anaingia benki na kuuliza habari za begi la zawadi.

Kwa hiyo ulizia marudio. Chagua siku moja, andika kiwango cha dola kilichotangazwa na Benki Kuu, kisha muulize afisa: leo hii, nikichanja kadi yenu Dubai, dirham moja mtanikata shilingi ngapi, makato yote yakiwa ndani? Atakupa kipeperushi chenye picha ya ndege. Rudia swali. Ataita mwenzake. Rudia tena. Kwa Dubai hesabu ni rahisi kwa sababu dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dirham 3.6725 kwa dola moja, haipandi wala haishuki. Mtu akikwambia ana kiwango maalumu cha dirham, jua dirham haijasogea. Aliyesogea ni yeye.

Mtego wa mwisho uko dukani kwenyewe, na umetengenezwa kwa upole mkubwa. Unachanja kadi, mashine inatambua kwamba ni ya Tanzania, inakuuliza: ulipe kwa dirham au kwa shilingi? Mgeni aliye mbali na kwao akiona neno shilingi moyo unalainika. Ukitaka kumfurahisha mwenye mashine, bonyeza shilingi: atabadilisha fedha kwa kiwango anachokitaka yeye na benki yake, na benki yako inaweza bado kukukata makato ya nje. Ukitaka kujifurahisha mwenyewe, bonyeza fedha ya nchi uliyopo, kila mara, Dubai, Istanbul au kwingineko, hata muuzaji akikuambia shilingi ni rahisi zaidi. Na kadi ya mkopo usiitumie kutolea fedha taslimu kwenye ATM. Muda wa kulipa bila riba ni wa manunuzi; fedha taslimu riba yake kwa kawaida huanza siku hiyo hiyo.

Ukienda China, andaa moyo. Utakuwa umebeba kadi yenye ndege ya dhahabu mbele, na muuzaji wa Yiwu atakuonyesha karatasi yenye mraba wa kuskani. Huko watu wanalipa kwa Alipay na WeChat; kadi ya kigeni inaweza kuunganishwa humo, lakini kwenye Alipay malipo yanayozidi yuan 200 kwa kadi ya nje yanakatwa asilimia 3. Mashine za kadi zilizopo zinaifahamu zaidi UnionPay, mtandao wa kadi wa Wachina wenyewe, kwa hiyo waulize benki yako kama wanayo. Halafu kuna jambo ambalo vipeperushi havilitaji: fedha nyingi za safari yako hazitapita kwenye kadi hata kidogo. Kiwanda kitataka TT, yaani fedha zitumwe benki kwa benki, mara nyingi asilimia 30 mbele na 70 kabla mzigo haujatoka. Karasha halina pointi. Kontena halina pointi. Utakusanya pointi kwenye chumba cha hoteli na kwenye migahawa ya Waafrika kule Xiaobei, Guangzhou, na kwa mwendo huo utapata tiketi ya bure siku wajukuu zako watakapokuwa na maduara yao. Bahati mbaya pointi haziwangojei: maili za Emirates Skywards, kwa mfano, kwa kawaida hufa baada ya miaka 3.

Kuhusu ule ukumbi wa soda ya bure sina mengi. Kutoka Runzewe unapanda basi mpaka Mwanza, na siku hizi hata kivuko cha Kigongo hakikucheleweshi, kwa kuwa daraja lilifunguliwa Juni 2025. Kutoka hapo unaendelea mpaka Dar, na ukifika ukiwa na vumbi la njia nzima, ukakaa kwenye kochi la ngozi kwa saa mbili, nakubali kabisa kwamba ada ya mwaka imeanza kuwa na maana.

Beba dola za akiba vilevile, na uzitangaze inapobidi. Tanzania inataka utoe taarifa ukivuka mpaka na dola 10,000 au zaidi; China inataka ukizidisha dola 5,000; Dubai ukizidisha dirham 60,000.

Na kabla hujaondoka, fikiria laini yako ya simu. Benki ikitaka kuhakikisha kuwa ni wewe, inatuma namba ya siri kwa ujumbe mfupi kwenye laini uliyojisajili nayo. Laini hiyo, kama wewe ni mfanyabiashara wa kawaida wa Runzewe, umemwachia mama watoto dukani kwa sababu ndiyo wateja wanayoijua. Saa 3 asubuhi ya Guangzhou ni saa 10 alfajiri ya Runzewe. Utampigia, ataamka, atavaa miwani, atakusomea zile namba moja moja. Ila ujumbe wa namna hiyo mara nyingi hauna namba peke yake. Unataja pia kiasi unacholipa na jina la duka, na mama watoto anajua kusoma mpaka mwisho wa mstari. Kabla hujapiga, hakikisha duka lina jina linaloelezeka.