Sadaka Iliyo Juu ya Mawe

Mkweche ni gari lililochakaa kiasi kwamba mwenyewe hulitaja kwa huruma na jirani hulitaja kwa kicheko, na maisha yake yana hatua mbili zinazofaa kutofautishwa mapema. Katika hatua ya kwanza mkweche hutembea, japo kwa kusukumwa asubuhi na kwa kubebewa dumu la maji ya kutia kwenye rejeta. Katika hatua ya pili huwa juu ya mawe, yaani magurudumu yamekwisha kuondolewa na gari limeegemezwa juu ya mawe au matofali, hali ambayo wasemaji wa Kiswahili wameipenda hata wakaiazima kumweleza binadamu asiye na senti mfukoni. Insha hii inahusu hatua ya tatu, ambayo mafundi hawaitambui: mkweche kugeuka sadaka.

Huko Marekani hatua hiyo ni ya kawaida na imewekewa sheria. Mwenye gari asilolihitaji hulikabidhi kwa jumuiya ya hisani, jumuiya huliuza, naye mtoaji hupunguziwa kodi ya mapato. Na kwa kuwa watoaji walizoea kuyathamini magari yao kwa jicho la mzazi, tangu 2005 sheria imetaka kwamba, mtu akidai punguzo linalozidi dola 500, kwa kawaida kiasi hicho kisipite bei ambayo jumuiya imeliuzia gari lenyewe. Serikali ya huko iligundua kwamba ukarimu usiopelekwa mnadani hujipandishia bei.

Tanzania, ambako gari halitupwi, mambo huenda kwa njia nyingine. Umri wa gari huhesabiwa kwa ukali bandarini, ambako lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu, lakini likishatoka getini halizeeki tena, bali hubadili injini, rangi na wenyewe. Zamani kulikuwa na sababu moja nzito ya kuliondoa uani gari bovu, nayo ni ada ya leseni ya kila mwaka, iliyoendelea kudaiwa hata kwa gari lililolala. Mwaka 2017 ada hiyo ilifutwa, madeni yake yakasamehewa, na badala yake zikaongezwa shilingi 40 katika kila lita ya mafuta, kwa hiyo gari lisilokunywa mafuta likawa raia mwema asiyedaiwa chochote.

Ndivyo ilivyoishi kwa amani pikapu moja ya Kihesa, kata ya Manispaa ya Iringa inayopitiwa na barabara iendayo Dodoma. Kuku walitagia chini ya kiti cha dereva, watoto waliiendesha hadi Dar es Salaam na kurudi kabla ya chakula cha mchana, na wazee waliiegemea wakinywa ulanzi, yaani pombe itokanayo na utomvu wa mianzi. Mwenye pikapu, ambaye saini yake kwa bahati mbaya inafanana sana na ya mwandishi wa insha hii, alitoka ibadani Jumapili moja akiwa ameguswa na mahubiri juu ya utoaji, na kwa kuwa moyo ukiguswa jicho hutafuta pa kuangukia, la kwake liliangukia uani. Mithali husema kutoa ni moyo, si utajiri. Yeye aliielewa kuwa inamruhusu mtu kutoa hata kile kinachomzuia kupanda mchicha.

Kituo kimoja cha kulelea watoto yatima kilituma ujumbe wa watu watatu, yaani mlezi, mhasibu na dereva, nao walipokelewa kwa kamwene, ambayo ni salamu ya Wahehe, kisha kwa chai na sala ndefu. Mlezi alishukuru kwa machozi. Dereva, ambaye kazi yake haikumruhusu kulia mapema, alifungua boneti na kuuliza kwa adabu, "Baba, tunashukuru sana, ila betri iko wapi?" Betri ilikuwa ikiwasha taa ya banda la vifaranga. Magurudumu, ilipofika zamu yake, yalikuwa kwenye mkokoteni wa shemeji, na jeki ilikuwa imeazimwa na mtu aliyehamia Mbeya. Hati ya zawadi iliyosainiwa jioni hiyo ilitaja gari, ingawa kilichokuwepo kwa haki kilikuwa kabati lenye usukani.

Kituo kilileta magurudumu yake na kamba, na pikapu ikavutwa, mtoaji mwenyewe akiwa usukanini. Kamba ilikatika karibu na soko la Kihesa, mahali ambapo hakuna mtu aibikaye peke yake, na wapita njia, waliodhani gari limepona, walimpongeza kwa kumpa mkono dirishani huku vijana wakidai hela ya soda kabla ya kusukuma. Baada ya miezi miwili ya kumgharimia mgeni asiyekula wala kutembea, uongozi wa kituo uliamua kumuuzia fundi pikapu hiyo, na fedha zake zikanunua unga na maharage, ambavyo hufika mezani bila kusukumwa.

Hapo hadithi ingekwisha, isipokuwa kwa kadi. Kadi ya gari ni cheti cha usajili chenye jina la mmiliki, na sheria hutaka jina hilo libadilishwe kila gari linapohamia kwa mwingine. Mtoaji alikuwa ameikabidhi kadi hiyo kwa mikono miwili bila kubadilisha jina, kwa hoja kwamba sadaka haina makaratasi, akisahau kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Habari, hata hivyo, zilimfikia. Fundi alikuwa ameifufua pikapu, mchuuzi akainunua na kuanza kubebea nyanya za Ilula, na kwa kuwa faini za barabarani huandikwa kwa namba ya gari, nayo namba huelekea kwenye jina lililo katika kadi, mtoaji alijikuta anadaiwa mara tatu, kila kosa shilingi 30,000.

Jirani zake walitarajia alalamike. Yeye aliisoma orodha ya makosa mara mbili, akawaita wazee waliokuwa wakiegemea pikapu hiyo waisome pia, kwa sababu yote matatu yalikuwa ya mwendo kasi. Kisha akalipa shilingi 90,000 kwa fahari ya mzazi ambaye mtoto wake, aliyedhaniwa hatatembea kamwe, ameshtakiwa kwa kukimbia.