Ngazi za Jirani na Gari la Majitaka

Mama mkwe alikuja kutoka Korogwe kutibiwa macho, na choo kikajaa siku ileile aliyofungua begi lake. Sisemi mambo hayo mawili yana uhusiano. Aliyesema ni mume wangu, tena kwa kunong'ona, akajuta papo hapo kwa sababu mama anaumwa macho tu, masikio yake ni mazima.

Dalili zilikuwepo tangu mvua za kwanza za masika. Ukimwaga ndoo chooni, tundu la bafuni linaguna, halafu povu linapanda polepole kana kwamba kuna mtu chini anasukutua. Siku mama alipofika povu halikurudi. Mume wangu alifunua mfuniko wa chemba kwa nondo, akachungulia, akaufunika tena haraka na kuniambia nisimruhusu mtu yeyote kuoga.

Mtaa wetu uko pembezoni mwa Dar es Salaam na, kama mitaa mingi ya jiji hili, ulijengwa kwanza ukapangwa baadaye. Bomba la majitaka la umma halijatufikia. Kila nyumba ina shimo lake, na likijaa unaita gari, linavuta, linakwenda kumwaga kwenye mabwawa ya kutibu majitaka kama yale ya Vingunguti. Unalipa kwa tripu. Ni utaratibu mzuri, ila una sharti moja: gari lifike.

Letu lilifika hadi kwa jirani wa nyumba ya tatu. Dereva alishuka, akatazama mbele, akatingisha kichwa. "Mama, hapa labda mnibebee tangi mkononi."

Ngazi za jirani huyo zinahitaji maelezo, na sitaki kumwonea. Nyumba yake iko bondeni kidogo. Maji yalimwingilia masika baada ya masika, godoro likielea na friji likiungua, hadi akachoka, akamwaga kifusi na kupandisha sakafu yote hadi usawa wa kiuno. Ukipandisha sakafu, mlango nao unapanda, na mlango ukipanda lazima ujenge ngazi. Uwanja hana, basi ngazi zikashukia barabarani. Ng'ambo yake kuna kibanda cha chipsi ambacho nacho kimejisogeza mbele hatua kwa hatua. Katikati ya ngazi na chipsi inapita bajaji, tena kama dereva ana moyo.

Kinachonichekesha ni kwamba kwenye karatasi sisi ni watu wenye barabara. Wakati wa urasimishaji wa makazi tulichanga, wapimaji wakaja na mitambo yao, bikoni zikasimikwa, ramani ikachorwa, na kwenye ramani hiyo barabara yetu imenyooka safi. Mwaka 2022, kwenye operesheni ya Anwani za Makazi kabla ya sensa ya Agosti, tukapewa na jina la barabara, kibao kikasimamishwa pale mwanzoni. Dereva wa gari la majitaka aliegesha chini ya kibao hicho, akakisoma kwa sauti, akaniangalia.

Mume wangu akaenda serikali ya mtaa. Ofisi ni chumba kimoja kilichobanana na saluni, chenye meza, bendera, daftari la wakazi na muhuri uliofungwa kwenye kitambaa kama dawa ya mtoto. Mwenyekiti alimsikiliza vizuri sana. Huyu tulimchagua Novemba 27, 2024, ni mtu mwema, na shida yake haikuanza na yeye. Mshahara hana, ni posho, nayo ikipatikana. Mwenye ajira ni mtendaji wa mtaa, ambaye mwajiri wake ni halmashauri. Mwenyekiti anaamkia misiba yetu, anasuluhisha wanandoa, anaandika barua za utambulisho kwa wanaofungua akaunti na wanaomdhamini ndugu mahabusu, anasindikiza polisi usiku, anashuhudia mauziano ya viwanja. Ukimwambia sasa nenda kavunje ngazi, anakukumbusha kwamba hata tingatinga la kutolea tope barabarani analiombea kwa barua, na barua inapita kata.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwepo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Nchi hii iliwahi kuzifuta, mwaka 1972, ikaona matokeo yake, na ikatunga sheria za kuzirudisha mwaka 1982. Mimi ni muumini wa kurudishwa huko. Ila kwetu madaraka yalipofika, yalifika na muhuri tu, na muhuri hausukumi tofali. Mwenyekiti anatawala kwa heshima, kwa aibu ya watu na kwa maneno mazuri. Kwa mtu ambaye haoni aibu hana la kumfanya.

Alituambia tupitie kwanza kwa balozi. Balozi wa nyumba kumi ni wa chama, tangu enzi za TANU, na kisheria hahusiki na barabara. Lakini watu wa mtaa wetu, wa chama chake na wasio wa chama chake, bado wanaanzia kwake, kwa sababu yeye hana saa za kazi. Balozi akaenda kwa jirani, akapewa kahawa, akarudi. "Amesema atalifikiria."

Huku nyuma shimo halikuwa na muda wa kufikiria. Fundi mmoja alikuja bila kuitwa, akatushauri tutapishe. Kwa msiojua, kutapisha choo ni kutoboa shimo lako kwa chini, kuweka bomba na kizibo, na kusubiri mvua kubwa. Ikinyesha usiku unazibua, mzigo wako unakwenda na maji ya mvua hadi kwa walio chini. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ipo, Sheria ya Mazingira ya 2004 ipo, na mvua ikinyesha usiku wa manane kwenye mtaa wetu pua inakwambia wazi nani amezibua. Nimeona watu wenye magari mazuri wakifanya hivyo na asubuhi wanalalamika serikali haijengi mitaro. Mwaka 2015, kipindupindu kilipoanzia Kinondoni mwezi wa Agosti na kusambaa mikoani, tulichemsha maji miezi na miezi. Mama mkwe alimsikiliza fundi hadi mwisho kisha akamuuliza, "Baba, na wewe unakaa upande wa chini au wa juu?" Fundi akaaga.

Wakaja vyura. Hao ni vijana wanaoingia shimoni kwa ndoo, usiku, kwa bei inayokaribia tripu mbili za gari. Walitaka kuchimba shimo jingine uani, wahamishie humo, wafukie. Uani kwenyewe kuna mwembe, tangi la maji na kamba ya nguo. Nilikataa, na sababu kubwa haikuwa uwanja. Kijana aliyetaka kushuka alikuwa amevaa kandambili.

Tukawa watu wa kuomba. Hodi ya saa kumi na moja alfajiri ina sauti yake, na majirani zetu wakaizoea. Watoto tuliwagawa nyumba mbili za kulia. Mume wangu alianza kuwahi kazini kwa bidii ambayo mwajiri wake hakuwahi kuiona. Mama mkwe peke yake ndiye aliyenufaika. Kila choo alichokwenda alikaa kuzungumza, na kwa muda mfupi akawa anawajua wakazi kuliko karani wa sensa: nani anadaiwa ada ya taka, nani anatupa viroba vyake mtaroni usiku, mjumbe yupi wa mtaa hajahudhuria kikao tangu aape. Alishangaa kwamba mkutano wa mtaa ukiitishwa wanakuja wazee na mama wa chipsi, wakati kamati ya harusi ikiitishwa viti vinaazimwa. Nikamwambia ndiyo mjini. Akasema hata Korogwe.

Ni yeye aliyeleta habari. Mwenye ngazi anamwoza binti yake. Send-off itakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na bibi harusi atachukuliwa nyumbani, kwa gari, na matarumbeta. Gari litafika mlangoni, mama wa binti ameshasema, hatembezi mtoto wake na shela kwenye tope la barabarani.

"Litafikaje?" nikauliza.

"Anavunja ngazi Alhamisi. Atajenga tena Jumatatu."

Nawaomba wasomaji mtazame jambo hili kwa utulivu. Balozi alishindwa, mwenyekiti alishindwa, ramani yenye mihuri yote ilishindwa. Shela imeweza. Na michango ya sherehe ile, ambayo na sisi tulitoa tena ya watu wawili wawili, ingetosha kumjengea jirani ukuta wa kuzuia maji na kalavati juu yake.

Alhamisi nyundo zililia tangu asubuhi. Jioni barabara ilikuwa wazi, pana kama kwenye ramani, na watoto wakaanza kucheza mpira humo. Jirani akaweka mbao mbili za kupandia mlangoni. Mume wangu alikuwa ameshampigia dereva: Ijumaa saa mbili. Ijumaa gari likaharibika. Jumamosi saa mbili basi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, watu wanafagia mbele ya nyumba zao na maduka yanafungwa hadi saa nne, dereva akasema anasubiri saa nne ipite. Saa nne ikapita. Saa saba simu yake haipatikani. Saa tisa alasiri nikasikia honi.

Gari likapita pale kwa jirani bila kugusa kitu, likaja hadi kwetu, wakateremsha mpira, wakaingiza shimoni, mashine ikaanza kunguruma. Naapa sijawahi kusikia muziki mtamu kama ule. Muziki wa pili ulifuata baada ya dakika chache, kutoka barabara kubwa: matarumbeta.

Barabara yetu haina mlango wa pili. Gari jeupe lenye maua liliingia, nyuma yake pikapu ya wapiga matarumbeta, nyuma yake kina shangazi kwa miguu, wamevaa sare ya rangi ya machungwa, wanacheza. Wakasimama kwa jirani. Na upepo, ambao wiki nzima ulikuwa unavuma kuelekea bondeni, siku hiyo ukageuka. Tarumbeta la kwanza lilinyamaza katikati ya wimbo, na mengine yakafuata.

Tangi lilikuwa limejaa, na mzigo kama ule haukai; dereva alitaka kutoka. Bibi harusi naye alikuwa anashuka kwenye mbao, ameshikwa mikono yote miwili. Baba yake alimtazama mume wangu, mume wangu akatazama tairi. Hapo ndipo alipotokea mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa mgeni mwalikwa, kavaa suti ya kijivu na ua kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakumwelekeza mtu kwenda ofisi nyingine.

"Bibi harusi aingie garini, vioo vifungwe. Pikapu irudi nyuma kwanza. Shangazi, pandeni vibarazani. Dereva wa tangi, usiwashe hadi nikupungie."

Akatembea kinyumenyume, mikono juu, njoo, njoo, kata kulia, simama, akalikanyaga lile tope linalodondoka kwenye mpira bila kuliangalia. Msafara mzima ulitoka kwa rivasi hadi barabara kubwa. Tangi likapita. Kisha msafara ukarudi tena ndani, kwa sababu mama wa binti alisema mwanawe hawezi kuondoka kwao kinyumenyume, ni mkosi. Matarumbeta yakaanza wimbo upya. Serikali niliiona siku hiyo kwa macho yangu, ilifanya kazi kwa robo saa, na ilihitaji suti yake ipelekwe kwa dobi.

Jumatatu mchanga na matofali vilikuwa vimeshamwagwa mlangoni kwa jirani. Lakini mwenyekiti alikuwa na viatu vya ushahidi. Aliitisha mkutano wa mtaa, na safari hii walikuja watu, nadhani wengi kwa hamu ya kusikia habari ya matarumbeta. Mtendaji akaja na ramani. Jirani akasimama akasema jambo la kweli, kwamba wakimnyima ngazi wampe mtaro, kwa sababu maji yanayomwingilia ni ya mtaa mzima. Wakabishana hadi magharibi. Mwenye chipsi alisogeza kibanda chake nyuma bila kuambiwa, wakati wengine wanapiga kelele. Ombi la mtaro liliandikwa, likapigwa muhuri, likapelekwa kata.

Kuhusu ngazi, mama mkwe ndiye aliyenyoosha mkono, ingawa si mkazi. Akauliza kwa nini zile mbao mbili za siku ya send-off zisitoshe. Wiki iliyofuata jirani aliagiza ngazi ya chuma kwa fundi wa kuchomelea, yenye magurudumu, na makubaliano yakaingia kwenye muhtasari: ngazi inakaa barabarani, gari likija inaondoka, taarifa itolewe saa moja kabla. Mume wangu anashikilia kwamba huo ni uvunjaji wa ramani uliohalalishwa kwa mkutano. Ni kweli. Mimi nimepiga kura ya ndiyo. Sasa lori la mchanga likipiga honi jirani anatoka na singlendi, anavuta ngazi yake ndani huku akilaumu halmashauri kwa sauti ya kusikika, na mtaro bado uko kata.

Mama alirudi Korogwe na miwani mipya. Amepiga simu juzi, akasalimia majirani kumi kwa majina kabla ya kuniulizia mimi, kisha akataka kuzungumza na mwanawe kuhusu shimo la pili, maana kliniki imempangia kurudi mwezi wa kumi na vuli zitakuwa zimeanza.